Samaki wa Tamsin

Katika kijiji chao cha Devon, hakuna aliyekwenda shamba kabla ya kupita mlangoni pa kanisa na kumtazama Mtakatifu Kristofa, jitu lililochorwa ukuta mzima, likivuka mto na mtoto begani. Aliyemtazama asubuhi hafi ghafla siku hiyo. Ndivyo walivyoamini, na hawakuwa na haja ya kubishana na mtu. Aliyemchora ni Digory, marehemu mume wa Tamsin, akampa pua yake mwenyewe. Samaki wa chini, waliozunguka miguu ya jitu, aliwachora Tamsin mwenyewe, wakati huo bi harusi mwenye rangi mpaka kwenye nyusi.

Mfalme mzee aligombana na Papa, kisha akafa. Mwanawe, mfalme mtoto, akaamuru picha za makanisani zifutwe zote. Fundi chokaa wa kijiji alikuwa Tamsin, basi kazi ikamwangukia yeye.

Hakulia mbele za watu. Alikoroga ndoo mbili. Chokaa ya sehemu ya juu ya ukuta aliifanya nyepesi, ya kufutika kwa kitambaa kibichi. Ya chini, mpaka pale mkono wa mwanamume mrefu unapofika, aliitia shahamu ya ng'ombe, ikashika kama jiwe, hata ikisuguliwa isitoke. Samaki wake wakapotea moja kwa moja. Ilimuuma sana, lakini mume alikuwa juu na yeye alikuwa chini, na mmoja ilibidi apotee.

Ila mazoea ya watu hayafichiki. Mkaguzi wa mfalme alipofika asubuhi moja, alimkuta Pascoe, mwendesha mkokoteni, kasimama mlangoni, kofia mkononi, kaukodolea macho ukuta mweupe.

"Wewe, unatazama nini?"

"Ukuta, bwana."

"Una nini huo ukuta?"

"Hauna kitu, bwana. Ndiyo maana nautazama."

Nyuma yake wakaja wengine wawili na majembe, wakavua kofia vilevile. Mkaguzi akaingia kwa hasira, akatemea kiganja mate, akasugua ukuta huku kajinyoosha mpaka visigino vikaacha sakafu. Tamsin alishika ufagio wake kwa nguvu. Kiganja kikatoka kisafi.

"Nani kapaka hapa?"

"Mimi, bwana. Kazi ya kulipua siijui."

Mkaguzi akaondoka bila kuaga.

"Shangazi, nusura nikuponze," Pascoe alinong'ona.

"Funga domo lako. Na kesho uje kama kawaida."

Mfalme mtoto hakukawia kufa. Dada yake akakalia kiti, akataka watakatifu warudi. Tamsin akapanda ngazi na kitambaa kibichi, kifua mbele, kijiji kizima kikimtazama, wala hakuficha majivuno yake. Uso ukatokea, na pua ileile ya Digory. Lakini kuanzia magotini kwenda chini jitu lilisimama katika mto mweupe usio na kitu.

"Utawachora tena samaki wako, mama?" padri akauliza.

"Waache, Padri," alisema. "Hao walishafanya kazi yao."