Matundu Kumi na Mawili ya Rwabukumba

Wewe unaupita ukuta huu kila asubuhi, na kila ukifika hapa shingo inakugeukia bondeni. Umeona ulivyovimba. Nami nimekuona ukiona.

Mimi sisahau. Ukuta huu tuliujenga miaka minne iliyopita, Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja, kijiji kizima tukibeba mawe. Wewe ulibeba mawili, madogo. Juu ni kwa Rwabukumba. Chini, hatua tatu kutoka ukutani, ni jiko la mjane Nyirandegeya. Fundi aliacha matundu kumi na mawili ili udongo wa juu utoe maji yake.

Kwetu kinacholiwa ndani ya ua hubaki ndani ya ua. Rwabukumba alikuwa akisimama njiani kuchokoa meno: "Mbuzi wa leo alikuwa mgumu." Lakini maji ya jikoni kwake yalitokea matunduni, mekundu, ya maharage, Jumatatu mpaka Jumapili. Njia nzima ikajua. Akashuka na ndoo ya saruji, akaziba yote.

Sasa ni masika na ukuta umeota kitambi. Mwezi uliopita ufa uliingia kidole. Leo unaingia kiganja. Nyirandegeya anapika huku sikio liko ukutani. Kiongozi wa kijiji nimempelekea barua tatu. Alisifu mwandiko.

Jana nilipanda na mama huyo kwa Rwabukumba.

"Mzee, zibua. Ukuta utamwangukia mama huyu."

"Umeanguka?"

"Bado."

"Basi. Wewe tangu uache shule darasa la nne unatuhutubia tu."

Nyirandegeya akanisogeza kando kwa kiwiko. "Jirani, najua unachoogopa."

"Mimi? Nini?"

"Maharage."

Rwabukumba akaanza kuwahesabu kuku wake.

"Zibua," mama akasema. "Nitamwaga maji yangu ya maharage palepale chini ya ukuta, kila siku. Apitaye atasema, masikini mjane yule, maharage tena."

Mzee akafikiri sana. "Na Jumapili?"

"Jumapili nitasema umeniletea mifupa ya mbuzi."

Hapo akacheka, akachukua tindo na nyundo, akashuka. Tundu la kwanza lilipofunguka, maji yalimrukia kifuani kama yalikuwa yakimdai, na shati jeupe likageuka la udongo mbele ya watu waliotoka sokoni.

"Ni ya mama huyu," akawaambia, akionyesha chini, huku maji yakimtiririkia kutoka juu.

Akaenda kubadili shati. Hajarudi, ila ruhusa ametoa na tindo ameziacha mbili.

Yamebaki matundu kumi na moja, na wingu lile limeshafika mgongoni mwa kilima. Nyirandegeya ameinjika chungu. Mimi naanzia kushoto. Wewe tua huo mfuko, acha kutazama bondeni, shika tindo hii uanzie kulia. Sasa hivi.