Kijia cha Nyuma ya Kaunta

Nthoki alipomwona fundi Mutunga akivuta futi kupima kijia cha nyuma ya kaunta, moyo ulimwenda mbio. Kijia kile alikijua kuliko mtu yeyote katika duka la vitambaa la Falis pale Njiru. Kila akipita alibanwa huku na huku, ikambidi atembee upande upande na pumzi kaishika.

"Hii haitoshi, mama," Mutunga alimwambia Falis, kisha akamtupia Nthoki jicho.

Basi yameanza tena, Nthoki akawaza. Duka alilofanyia kazi zamani, kule Makadara, walianza hivyo hivyo. Kwanza meneja alimwambia sare ya saizi yake haipo. Halafu akamwondoa mbele, akamficha stoo wateja wasimwone. Mwishowe akaambiwa anaziba njia, aende zake. Watu wale hata haya hawakuona! Mwanamke aliyejua wateja kwa majina na watoto wao, wakamfanya mzigo.

Kwa Falis hakuna aliyemcheka. Lakini duka lilikuwa na desturi yake: mteja huketi kwenye benchi akaletewa chai ya viungo, na muuzaji husimama akimkunjulia vitambaa mpaka achague. Ndiyo heshima aliyoiacha mamake Falis, na wanunuzi wa nguo za harusi hawana haraka hata kidogo. Jioni magoti ya Nthoki yalikuwa yanawaka moto, naye anatabasamu tu. Alishafukuzwa mara moja kwa ajili ya mwili wake. Angeanzia wapi kulalamikia magoti?

Akapiga moyo konde, akavua tepu shingoni, akaiweka juu ya kaunta.

"Mama, usijisumbue kutafuta maneno. Naenda mwenyewe."

"Unaenda wapi na wateja wako njiani?"

"Si fundi amepima? Sitoshei hapa."

Falis alikuwa mama mkali, wa kugombana hata na mvua, lakini machozi yalimlengalenga.

"Wallahi, Nthoki, shida ni hii kaunta. Nimemwambia aisogeze mbele. Na akutengenezee stuli ndefu, uwe unauza umekaa. Nimekuona ukishikilia ukuta ukidhani siangalii. Mbona hukuniambia? Mimi nakusimamisha kutwa nikisema ni heshima!"

"Na stuli yenyewe ni ya mbao ngumu," Mutunga akadakia. "Ndiyo maana nilikuwa nakuangalia, nijue urefu. Hebu kaa hapo kwa benchi nipime."

Nthoki akakaa pale wanapokaa wateja. Alitaka kushukuru kwa Kiswahili, kikakataa kutoka, akasema kwa Kikamba, "Ni muvea, mama, ni muvea muno," machozi yakimtiririka. Alishukuru kwa stuli, akashukuru kwa njia pana, lakini zaidi ya yote alishukuru kwamba mtu alikuwa ameyaona maumivu yake na hakumwona mzigo.

Mara wakaingia bibi harusi na shangazi yake. Nthoki akainuka kwa mazoea. Falis akamshika bega, akamketisha tena.

"Karibuni, ketini naye hapo," akawaambia wageni. "Nthoki atawahudumia akiwa amekaa. Mwenye neno aniletee mimi."

Kisha Falis mwenyewe akaenda rafuni, akaanza kumletea Nthoki majora ya vitambaa.