Gari la Madereva Wawili

...taratibu, anamwambia taratibu, na hii si taratibu ya kumwambia mtoto asimwage uji, hii ni ile nyingine, inayoanzia kifuani na kutoka pamoja na pumzi, "taratibu, usiikabe, iache ipumue," na anayeambiwa si mimi, mimi niko hapa nyuma ya kochi na pasi mkononi, nanyoosha shati la kazi, kola nimeipitia na kuipitia mpaka imeanza kung'aa, na yeye mke wangu amekaa mbele ya runinga, amenipa kisogo, hedifoni masikioni, usukani wa gemu umebanwa kwenye meza ya kulia ambayo siku hizi hatulii, jua la Jumamosi mchana limepita dirishani likalala begani mwake, na kwenye kioo gari la buluu linazunguka, gari lao, lao, gari moja madereva wawili, yeye kaliendesha nusu ya kwanza ya mbio akakabidhi, sasa anaendesha huyo wanayemwita Mpole, mtu ambaye sijamwona hata kwa picha, mji gani sijui, nyumba gani sijui, ila anakokaa hasa nakujua, anakaa sikioni mwa mke wangu, na mke wangu anakaa sikioni mwake, na hapo ndipo penye hatari, na wanaocheka wanacheka kwa sababu hayajawakuta... kaka yangu nilipomgusia alicheka mpaka akakohoa, "Yaani mdogo wangu unaonea wivu gari la katuni? Nenda kalale," basi na mimi nikacheka, utafanyaje, lakini yeye mkewe alimpata kwa kumwona, alianza na sura, akafuata mwendo, maneno yakaja mwisho, hajui mtu anavyoweza kuingia kwa mlango wa sikio akatandika mkeka na kujilaza kabisa, mimi najua, mimi nilioa sauti.

Nilioa sauti, ndiyo, wakati huo ndio kwanza nimepewa ambulensi, gari kuukuu lililoachwa na dereva mstaafu, na yeye alikuwa chumba cha mawasiliano, wanapokea simu za wagonjwa halafu wanatuelekeza sisi kwa redio, pinda kulia, nyumba yenye geti jeusi, mgonjwa ni mzee, anapumua kwa shida, na mimi sura yake siijui, nimejijengea tu mwenyewe kutokana na ile sauti, nimempa macho, nimempa shingo, nimempa na kicheko, nikawa nawahi zamu kabla ya wenzangu ili niikute redio... halafu siku ya kile kilima, mama mjamzito nyuma, mkunga anampangusa jasho, mumewe ananipigia kelele kichogoni, na mshale wa joto unapanda, unapanda, gari linataka kuchemsha katikati ya mlima na sioni pa kuegesha, nikabonyeza redio nikasema tunakwama, na yeye hakushtuka, wala hakuniuliza maswali ya kijinga, alisema, "Taratibu, dereva wangu. Zima kiyoyozi, washa hita, fungua vioo vyote. Panda na gia ya pili, usikanyage, iache ipumue," hita, kwenye joto lile, mume wa mama akaona nimerukwa na akili, lakini hita inavuta moto kutoka kwenye injini inauleta ndani kwetu, tukaiva sisi badala yake, na mshale ukashuka, na mtoto akazaliwa hospitalini wala si kando ya barabara, na mimi nilipoegesha nilibaki nimekumbatia usukani, dereva wangu, alisema dereva wangu... "Toka nyuma ya huyo wa mbele," anamwambia Mpole sasa, "moshi wake wote unakuja kwako, toka pembeni upate hewa. Eeh. Hivyo hivyo. Umeona joto linavyoshuka?" na kwenye kioo gari la buluu linachomoka kutoka mkiani mwa lile jeupe, linapigwa na upepo, na ile alama ndogo ya injini pale kwenye kona inarudi kutoka nyekundu kwenda njano, umeona, anamwuliza umeona, na mimi nakaribia kuitikia nimeona, kama mjinga, na pasi mkononi.

Na balaa hili nani alilileta nyumbani kama si mimi, mimi ndiye niliyeingia na mashine ya gemu kwapani nikasema hii ya kupumzishia akili, kwa sababu kazini fundi mkuu wa gereji kila wiki ananiandama, "Wewe huendeshi, unachinja. Klachi ya pili hii! Gari ni chuma, lakini hata chuma kina roho," anasema akiwa amejifuta mikono kwa tambara lililo chafu kuliko mikono, sawa, fundi, lakini wewe hujawahi kuwa na mtu anayekata roho mgongoni kwako, mimi nikikanyaga nakanyaga kwa sababu kuna mtu nyuma, kwa hiyo nyumbani nilitaka gari lisilochakaa, gemu inakuruhusu, kuna sehemu ya kuchagua, uchakavu uwepo au usiwepo, na mimi niliuzima, raha iliyoje, nakanyaga mpaka mwisho, nagonga ukuta, narudi barabarani, tairi ni zile zile, injini ni ile ile, hakuna anayenidai klachi, nacheka peke yangu, na yeye akaja akakaa kwenye mkono wa kochi, akatazama, akatazama, akasema, "Sasa kama haliharibiki utamu wake uko wapi?" akauwasha ule uchakavu, akawasha kila kitu, tairi zichakae, mafuta yaishe, injini izeeke, na mchezo ukageuka kazi, nikawa nasikiliza injini ikikohoa hata sebuleni kwangu... tukaingia naye kwenye ligi ya mtandaoni, mimi na yeye, gari moja, mume na mke, watu wa ligi wakatuita Bwana na Bibi Arusi, na sheria ya ligi ni kwamba injini uliyoanza nayo msimu ndiyo utakayomaliza nayo, uliichosha leo kesho utaikuta imechoka, na mimi mbio za pili nikaona mtu ananipita, hivi hivi namwona ananipita, nikakanyaga nikashusha gia kabla ya wakati, injini ikalia kama mbuzi, ikanoki, ikafa kabisa, moshi ukajaa kioo kizima, na yeye alinyanyuka akaenda kuanua nguo, hilo ndilo lililoniuma, angefoka ningemjibu, na msimu uliofuata nikasikia anaongea na mtu, anacheka kidogo, anasema, "Basi tujaribu, Mpole."

Mpole, mtu mzima na akili zake anakubali kuitwa Mpole, mimi kule redioni nilikuwa naitwa Radi, na nililipenda... "Asante," anamwambia, "asante, mpaka sasa umenitunzia," umenitunzia, si umelitunza, nimeisikia hiyo 'ni', na kwenye mbio zilizopita Mpole alipomrudishia gari, yeye alimwambia amelikuta zima kama alivyoliacha, alilisema kwa ule mshangao wa mtu aliyezoea kurudishiwa vitu vimevunjika, na aliyemzoeza hivyo ni nani, niambie, ni nani, na huyo Mpole kila Jumamosi ananitumia salamu, "Mpole anakusalimia, anasema shemeji hujambo," shemeji kwa upande upi, mimi nimeoa kwao lini, mtu anajipachika ukaka ili mlango usifungwe, mjanja kweli kweli, na mimi najibu mwambie sijambo, ndiyo, najibu, nitasemaje... na hapa miguuni kwangu ndipo ulipo mkanda wa umeme, ekstensheni nyeupe, pasi imechomekwa hapa, runinga hapa, mashine ya gemu hapa, vimekaa ubavu kwa ubavu kama abiria, na kila kimoja kina swichi yake, swichi ndogo nyekundu, kidole gumba cha mguu kinatosha, sihitaji hata kuinama, nitasema nilitaka kuzima pasi nikakosea, samahani mama, bahati mbaya, kiza kitaingia kwenye kioo na sauti ya Mpole itakatwa katikati ya neno, na gari lake litabaki bila mtu wa kulisemesha, atalikanyaga kwa woga, litanoki, na kwaheri shemeji, na kidole kimeshafika, nakisikia kiko juu ya plastiki, plastiki ina uvuguvugu...

"Wewe! Unaunguza nini?" amegeuka, hedifoni sikio moja nje, na sauti hiyo si ile, hii ni kavu, ina mikwaruzo, ni ya mtu aliyeamka kabla yangu, "Si nguo hiyo! Unanukisha nyumba nzima!" na mimi natazama chini, pasi imekaa juu ya kola kama kuku juu ya mayai, moshi mwembamba unatoka, "Hamna kitu," nasema, "Hamna kitu na moshi huu? Inua pasi, bwana! Kichwa chako umekiacha wapi?" nainua, kola imepata alama ya kahawia yenye ncha, na yeye ameshageuka, ameshairudisha hedifoni, na hapo hapo, bila hata kumeza mate, "Samahani, niko hapa. Taratibu. Ipumue," ile ya kifuani, laini, imenyooka kuliko nguo yoyote niliyowahi kupiga pasi, na nimezisikia zote mbili zikifuatana, kavu na laini, kama mtu aliyebadili gia... mbona sijawahi kuzisikia zikifuatana, au nimezisikia kila siku na sikusikiliza... siku ya harusi yetu Kobe, dereva mwenzangu, yule mnene anayeendesha polepole kama jina lake, alinyanyuka na glasi ya soda akasema, "Radi, hongera, umetuolea sote," ukumbi ukacheka, madereva wa zamu zote meza moja wakacheka kuliko wengine, na mimi nikacheka nikidhani ni utani wa mnene, lakini Kobe hakucheka, sasa ninamwona, alikaa akainamia sahani yake... wote walikuwa na 'dereva wangu' yao, kila mmoja aliyekwama kwenye mlima wake aliambiwa taratibu, dereva wangu, kila mmoja aliegesha akakumbatia usukani akidhani ni yeye peke yake, ile sauti haikuwa yangu hata siku moja, ni sauti ya kazi, ni sauti anayompa yeyote anayetaka kuharibikiwa, mgonjwa, dereva, injini, Mpole, angempa hata mwizi kama mwizi angekwama, na mimi nimekaa miaka naisubiri nyumbani, naona ameninyima, naona amekwenda kuigawa, kumbe nyumbani nimekuwa napewa nyingine, hii yenye mikwaruzo, inayoniuliza kichwa nimekiacha wapi, na hii mimi sijawahi kusikia akimpa mtu, Mpole hajui kama ipo, Mpole siku ambayo ataunguza kola ataambiwa taratibu... kama inatosha hiyo, sijui, wivu haujaondoka, usinidanganye, bado umekaa hapa juu ya tumbo kama ugali wa jana, ila umegeuka upande, umenionyesha ubavu ambao sikuwa nimeuona, na mguu wangu umerudi kwenye ndala, sikumbuki niliurudisha saa ngapi.

"Njoo uone," anasema bila kugeuka, kavu, kwa hiyo ni mimi, "njoo haraka," nazunguka kochi na shati limening'inia mkononi, na kwa karibu kioo ni kikubwa kuliko nilivyodhani, injini ni nyekundu, nyekundu isiyorudi njano tena, na ile sauti yake ndani ya spika, kilio chembamba juu ya mlio wa kawaida, naijua, ndiyo ya kabla ya kunoki, na mbele yao lipo gari moja tu, lile jeupe, nalo linafuka, na ubao wa pembeni unaonyesha mizunguko iliyobaki ni ya kumalizia tu, "Mpole anauliza amfuate au amwache," anasema, "mafuta yapo, tairi zipo, injini ndiyo inakufa. Wewe ungefanyaje?" ananiuliza mimi, aliyeua ile ya kwanza, na naona mkono wake umeshika ukingo wa meza mpaka vidole vimepauka, mikono haina kazi, gari si lake kwa sasa, hana cha kukanyaga wala cha kushika, ana sauti tu, ndivyo alivyokuwa amekaa kila siku kule chumba cha mawasiliano, kumbe, tukiwa sisi tunapanda milima yetu, vidole vimepauka hivi na sauti imenyooka, na hatukumwona, "Ningekanyaga," nasema, kwa sababu nitadanganya ili iweje, na yeye anacheka, kicheko kifupi, cha puani, kibovu, hakifanani na kile nilichompa mimi kabla sijamwona, "Najua," anasema, "najua ungekanyaga," na hasemi kama kosa wala kama sifa, anasema kama mtu anayetaja rangi ya nyumba yake, halafu anavuta maiki ya hedifoni karibu na mdomo, "Usimfuate, Mpole. Mwache. Gia ya juu, mguu mwepesi, tuifikishe," na kilio kile chembamba kinashuka kidogo, kinapanda, kinashuka, gari jeupe linakwenda zake na moshi wake, kona inakuja, inapita, nyingine inakuja, na mimi nimesimama nyuma ya bega lake na shati lililoungua, sipumui vizuri, sijui kama litafika, na midomo yangu inatikisika yenyewe, Mungu wangu nisamehe, naiombea injini ya mwanamume mwingine isife.