Mtu wa Arobaini

Mwaka ule wa 1983, serikali ilipotangaza kwamba kila mwenye nguvu awe na kazi na asiye nayo apelekwe iliko, Remigius Shirima alikabidhiwa lori. Si lake, bila shaka. Yeye alikuwa karani tu katika ofisi moja hapo Moshi mjini, mtu wa kugonga mihuri na kutafuta faili. Lori lilikuwa la kujazwa. Mkuu wake, Bwana Aristides, alimwita Jumatatu asubuhi akamwambia litaondoka Ijumaa saa mbili kwenda mashamba ya mkonge huko Tanga, likiwa na wazururaji arobaini.

"Na wakipungua, mzee?" Remigius aliuliza.

"Hawatapungua. Petroli imetolewa kwa watu arobaini. Akikosekana mmoja, nitajua kuna mtu ofisini humu hafanyi kazi, na asiyefanya kazi mahali pake ni kwenye lori."

Remigius alicheka kidogo kwa adabu. Bwana Aristides hakucheka. Remigius alikuwa na mke, Beatrice, na mtoto wa miezi mitatu, na mgongo ambao haujawahi kubeba kitu kizito kuliko faili la mwaka mzima.

Kufikia Jumatano asubuhi, mgambo walikuwa wamemletea watu thelathini na tisa, na kusema kweli ulikuwa mkusanyiko wa ajabu. Alikuwamo mlinzi wa duka, aliyekamatwa kwa kuonekana macho mchana. Walikuwamo wawili walionaswa njiani wakija ofisini kwa Remigius mwenyewe kuchukua kadi za kazi. Alikuwamo bwana harusi mtarajiwa, kavaa suti yenye alama za chaki, kwani alikamatwa akiwa kwa fundi anaipima. Alijitetea kwamba anaoa Jumamosi. Mgambo wakamwambia kuoa si kazi, na wenzake wenye ndoa wakaguna kwamba mgambo hawa bado wadogo.

Alibaki mmoja tu. Remigius alivaa koti akatoka kumtafuta mwenyewe.

Mbele ya lango la hospitali alimwona mama mmoja wa miaka sitini hivi, kapu mkononi, anasubiri kuingia. Ilikuwa siku ya kazi, saa nne asubuhi, naye amesimama tu.

"Shikamoo mama," Remigius alisema, maana alilelewa vizuri.

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kadi yako ya kazi."

Mama hakuwa nayo. Alijitaja kuwa Aikande Kweka, wa Machame, Mlutheri, mjane. Alikuwa na kihamba chake, migomba na kahawa kidogo.

"Basi wewe ni mkulima. Mbona hupo shambani?"

"Leo naleta mtori."

"Unauza?"

"Siuzi."

"Umeajiriwa na hospitali?"

"Hapana, mwanangu."

"Mgonjwa wako ni nani?"

"Wa leo bado sijamjua. Nikifika huwa nauliza ni nani hana mtu wa kumletea chakula."

Remigius alichungulia ndani ya kapu. Sufuria ilikuwa imefungwa kwa khanga, na harufu ya ndizi na nyama ilimkumbusha kwamba hajanywa chai. Mwongozo wa operesheni ulikuwa wazi: mkulima aliyeonekana mjini siku ya kazi, asiyeuza, asiyenunua, asiyemwona mgonjwa anayemjua, ni mzururaji. Alimkamata. Alimbebea kapu, kwa kuwa lilikuwa zito, akampisha upande wa kivuli, na mpita njia asingejua nani kamkamata nani.

Ofisini alifuata taratibu zote. Mtu aliweza kuachiliwa kwa njia mbili: mwajiri wake athibitishe, au ndugu aje ajaze fomu ya udhamini. Kwa upande wa mwajiri, Remigius alipiga simu usharikani kwao. Mchungaji alilirudia jina.

"Aikande," alisema. "Aikande yupi? Yule anayekaa nyuma, karibu na nguzo?"

"Anasema amekuwa akihudumia wagonjwa tangu mwaka wa Uhuru, mara mbili kwa wiki."

"Sina habari hiyo. Hayumo kwenye baraza la wazee, wala kwaya, wala kwenye umoja wa wanawake hana cheo. Ni mshirika wa kawaida tu. Tulidhani Jumanne na Ijumaa huwa anakwenda sokoni. Wiki hii naona amebadilisha siku."

"Nilibadilisha kwa sababu jana kulikuwa na mazishi," Aikande alieleza, Remigius alipomuuliza. Kuhusu ndugu, mumewe alifariki mwaka huo huo wa Uhuru, watoto Mungu hakumjalia, na kaka zake wote walishalala. Remigius alimwonea huruma, huruma ya kweli, na papo hapo moyo wake ukatulia. Mtu wa arobaini alikuwa amepatikana, na hakuwa na mtu wa kumtoa.

Mama aliomba jambo moja tu. Wodini hakukosekani mgonjwa wa mbali asiye na mtu, na sasa ilikuwa inakaribia saa sita naye hajala. Remigius alimtuma mgambo na bakuli la mtori. Ulibaki mwingi, Aikande akawapakulia wazururaji wote, bwana harusi wa kwanza, kwa kuwa alikuwa analia.

Mgambo alirudi na bakuli tupu na mtu wa pili nyuma yake, Kornel, bawabu wa lango la hospitali, aliyevua kofia kana kwamba ameingia msibani.

"Nimekuja kutoa pole," alisema. "Mama huyu ana mikosi. Kule kwetu haingii mtu ila ndugu wa mgonjwa, na kila akija namuuliza, nani wako? Anasema, ndugu yangu. Miaka kumi na saba nipo langoni. Ana ndugu wanaolazwa kila wiki. Ana ndugu Mmasai, ana ndugu Mmakonde, ana ndugu Singasinga. Nimekuwa nikiiombea familia ile. Nilidhani wamelogwa."

Remigius alimgeukia Aikande. "Mama, ulikuwa unadanganya?"

"Aliniuliza kama ni ndugu yangu, mwanangu. Sikuona jibu lingine." Alisema hivyo bila kujitetea, akarudi kukwangua sufuria.

Kornel aliondoka akitikisa kichwa. Alikuwa mtu wa kuongea, na kazi yake ilikuwa ya kukaa langoni anapopita kila mtu. Jioni ile mji mzima ulijua.

Alhamisi asubuhi Remigius alikuta foleni mlangoni. Wa kwanza alikuwa Balwant Singh, fundi wa malori, kilemba safi na mikono ya grisi hadi viwiko.

"Nimekuja kumdhamini dada yangu," alisema.

Remigius alichukua fomu kwa mazoea, kisha akaiweka chini. "Mzee Balwant. Huyu mama ni Mchagga wa Machame."

"Najua. Ni dada yangu."

"Baba mmoja, mama mmoja?"

Balwant aliegemea meza, ikabaki na alama ya vidole. "Karani, mwaka sabini na moja gari liliniangukia mguu. Nililazwa wiki sita. Mke wangu alikuwa India, na jamaa zangu wa hapa tulikuwa hatusemezani. Huyu mama alikuja Jumanne na Ijumaa, wiki zote sita. Alipojua sili ng'ombe akawa ananipikia na kuku. Hakuniuliza dini yangu wala hakunihubiria, alisali kimya kwa Kichagga chake, akaosha bakuli, akaondoka. Mimi sikumjua jina mpaka jana. Sasa kama huyu si ndugu yangu, niambie wewe, ndugu ni nani?"

Remigius alifungua mwongozo wa operesheni. Ulikuwa na kurasa kumi na mbili na ulieleza mzururaji ni nani kwa namna tisa, lakini ndugu haukumweleza popote. Aliutazama muhuri. Akaona mkonge, akamwona Beatrice na mtoto, na akaona aibu, aibu nzito ya mtu aliyemkamata mama wa watu akiwa na sufuria ya chakula mkononi. Aligonga muhuri. Alijua alichokuwa anakigonga.

Kwa hesabu ya kawaida mambo yangeishia hapo, lakini foleni haikuambiwa. Alifuata Hilaria, mwalimu kutoka Mkuu, wilayani Rombo, aliyesema yeye ni mtoto wa Aikande. Akafuata Pramila wa duka la vitambaa, aliyesema yeye ni mama yake mdogo, ingawa walilingana umri. Mzee Mmasai aliweka tu dole gumba kwenye wino. Na kwa kuwa mwaka ule mtu akiona foleni Moshi alijiunga kwanza na kuuliza baadaye, saa tano ilipofika foleni ilikuwa imezunguka jengo, na nusu yake walikuwa na mifuko mitupu wakiamini imekuja sukari.

"Hakuna sukari," Remigius aliwaambia. "Hapa tunaandika ndugu wa Aikande Kweka."

Waliangaliana. Walikuwa wamesimama kwa saa tatu juani.

"Basi niandike na mimi," alisema wa kwanza, na walioko nyuma yake wakaona ni haki.

Remigius aliandika. Hakuweza kumtofautisha aliyelishwa na aliyetaka sukari, na yeyote aliyemtilia shaka alijibu maswali vizuri kuliko ndugu wengi wa kweli. Saa tisa fomu ziliisha. Bwana Aristides alitoka ofisini kwake kuuliza kelele ni za nini, akaelezwa, akapiga hesabu haraka.

"Kwa hiyo wako thelathini na tisa."

"Ndiyo, mzee."

"Shirima, una watu mia mbili wamesimama bure mbele ya ofisi siku ya kazi. Chukua yeyote."

Hapo ndipo Remigius alipoelewa alichokifanya siku nzima. "Haiwezekani, mzee. Wote nimewaandika. Kila mmoja wao ana fomu yenye muhuri kwamba ni wa familia hii. Nikimkamata mmoja, wengine mia na tisini na tisa watarudi kumdhamini. Wamo wawili wa mgambo pia."

Bwana Aristides alipitia fomu moja moja kwa nusu saa, akitafuta kosa. Hakulipata, kwa maana Remigius alikuwa karani mzuri. Katika uwanja mzima, ukiacha wa lori, wasio na fomu walikuwa Remigius na mkuu wake, na mkuu wake hakuwa na nia ya kujihesabu.

"Mwandikeni na huyu," Aikande alisema, akimwonyesha Remigius kwa mwiko. "Ni mwanangu."

"Fomu zimekwisha, mama," Remigius alimjibu.

Kabla hajafunga meza alimjazia kadi, ili asije akakamatwa tena kesho. Kwenye nafasi ya kazi aliandika: *Ndugu wa wagonjwa wasio na ndugu.* Kwenye nafasi ya kituo akaandika hospitali, akagonga muhuri, akapeleka nakala kwa mganga mkuu na nyingine kwenye faili, kama inavyotakiwa. Ijumaa saa mbili alipanda lori. Beatrice alilia sana, na bwana harusi, ambaye sasa alikuwa mzoefu, alimsogezea Remigius mahali pa kukaa.

Operesheni ilikufa kama zilivyokufa nyingine. Baada ya miezi minne hakuna aliyekumbuka kwa nini watu wale wako Tanga, wakarudi mmoja mmoja kwa miguu na kwa lifti. Bwana Aristides alikuwa amehamishwa. Remigius, mwembamba na mweusi zaidi, alikuta meza yake ipo, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumfukuza.

Aikande alifariki mwaka themanini na tano, akazikwa kihambani kwake. Mvua ilinyesha, waliohudhuria walikuwa majirani, na mchungaji mgeni alisoma wasifu wa mistari minne. Huko mjini habari hazikufika.

Wiki mbili baadaye ofisi ilipokea barua kutoka hospitali. Ilisema kwamba mtumishi wenu, mwenye cheo cha Ndugu wa wagonjwa wasio na ndugu, hajaripoti kazini mara nne mfululizo, na kwamba wagonjwa saba wanamsubiri. Ofisi iliombwa kumchukulia hatua au kuleta mwingine. Mkuu mpya hakuwa na habari yoyote. Alifungua faili, akaona nafasi ipo, ina muhuri, ina nakala, na akampa Remigius karatasi ya kujaza nafasi iliyo wazi.

Remigius alikwenda Machame kuuliza, akaonyeshwa kaburi. Alirudi, akakaa mezani, akajaza. Jina la mtumishi mpya aliandika lake. Mshahara, hakuna. Siku za kazi, Jumanne na Ijumaa. Palipoulizwa sababu ya mtumishi wa awali kuondoka, palikuwa na maneno matatu yaliyochapwa ya kuchagua: *amefukuzwa, amestaafu, ametoroka.* Aliyasoma, akayarudia, machozi yakamlenga na hakujizuia, ingawa mhudumu wa chai alikuwa anamwangalia. Kisha akayakata yote matatu kwa rula, akaandika juu yake: *Amemaliza.*

Akapeleka karatasi kwa mkuu isainiwe, akauliza kama anaweza kutoka mapema. Kesho yake ilikuwa Jumanne, na hajawahi kumenya ndizi hata moja maishani mwake.