Ziwa la Ukutani

Jumatatu ya pili baada ya likizo ya Juni, mwaka 1997, wanafunzi wa darasa la sita wa shule moja ya Rusimbi walifagia stoo ya majembe wakaigeuza maktaba. Mwalimu Joanitha, aliyehamishiwa Kigoma kutoka Bukoba na ambaye kwenye utaratibu hakuwa na dogo, aliwagawa: hawa wapange vitabu, hawa wabandike namba, hawa wachore ukutani. Rangi waliomba kwa mafundi mitumbwi wa Kibirizi, wakapewa ya buluu tele na nyeupe kidogo. Kwa buluu, mtu wa Kigoma atachora nini? Wakachora ziwa.

Bibiana, mwepesi wa mkono kuliko wote, alichora ng'ambo. Akaweka milima, nyumba moja, na mlangoni mwanamke aliyevaa kitenge.

"Ni mama," alisema. "Tulipokimbia alibaki kumuuguza bibi. Alisema atanifuata."

Kesho yake ukuta ulikuwa umelowa. Mwalimu Joanitha aliugusa, akanusa vidole, akaamuru vitabu vya rafu ya chini vihamishiwe juu. Jiografia ikapanda ikabanana na Hisabati. Kila asubuhi wa zamu walipiga deki, na waligawana dagaa waliokutwa sakafuni, maana sheria ya maktaba ilisema kilichomo ni cha wote.

Jumatano yule mwanamke hakuwa tena mlangoni. Alikuwa ndani ya mtumbwi, anapiga kasia.

"Mwalimu, anakuja," alisema Nickson, kiongozi wa zamu, huku akiendelea kubandika namba.

"Atafika lini?"

Nickson alipima kwa rula. "Kwa mwendo huu, Jumanne."

Tangu hapo Bibiana alinywea uji wake maktaba, amesimama.

Zilibaki kadi za kuazimia vitabu. Mwalimu Joanitha alitaka kila kadi iwe na jina, darasa na kwao mwanafunzi. Bibiana aliandika Mwanga, mtaa wa hapo hapo mjini, kwa shangazi yake, kama alivyofundishwa nyumbani aseme. Mwalimu akamrudishia.

"Mwanangu, maktaba haitaki uongo. Andika kwenu."

Bibiana alimtazama, akafuta, akaandika: Baraka, Kongo. Mwalimu akaweka tiki nyekundu, tena kwa furaha. Heri mkono ule ungepooza.

Ijumaa alikuja afisa wa wilaya kukagua. Alisifu rafu, akakunja suruali isilowe, akaomba kuona kadi. Alizipitia zote bila haraka, akachomoa moja. Wakimbizi mahali pao ni kambini, alisema, bila ukali wowote. Lori lingekuja Jumatatu.

"Mzee, mama yake anafika Jumanne," Mwalimu Joanitha alisema, akimwonyesha ukutani.

Afisa alisogea akautazama mtumbwi. "Namwona," alisema. "Naye akifika, aripoti."

Jumatatu lori lilikuja. Bibiana alirudisha kitabu alichokuwa ameazima, kikagongwa muhuri.

"Mwalimu, akifika mwambieni nilimngoja," alisema, akapanda.

Jumanne saa nne mwanamke aliteremka kutoka ukutani, kitenge kimelowa hadi magotini. Aliuvuta mtumbwi, akaufunga kwenye mguu wa rafu. Darasa likasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, batoto. Natafuta mutoto yangu, Bibiana."

Mwalimu Joanitha alimpa kiti. Alimweleza yote, hata habari ya kadi, na machozi yalipomtoka hakuyafuta. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza njia ya kwenda kambini.

Nickson alimletea daftari la wageni, kwa kuwa ndio utaratibu. Mama akaandika jina lake. Alipofika penye neno Anatoka, Mwalimu Joanitha alipafunika kwa kiganja.

"Hapo paache, dada yangu."

Saa sita afisa alifika, akaliona pengo, akalijaza mwenyewe kwa mwandiko mzuri. Lori la siku hiyo, alilopandishwa mama, lilikuwa la kambi nyingine.

Mtumbwi bado umefungwa pale kwenye rafu. Kila mwaka darasa la sita hupokezana kazi ya kuchota maji yanayojaa ndani yake, usije ukazama.