Anayepokea ni Aliyekaa Nyuma

Melania hapokei simu akiwa barabarani. Piga ua, pikipiki ikitembea yeye hapokei, na kama hupendi panda ya mwingine. Kijiwe kizima cha bodaboda pale stendi ya Kahama kinalijua hilo, na wale vijana wanaobana simu kati ya helmeti na sikio wamemcheka mpaka wamechoka wenyewe.

Hakuzaliwa na msimamo huo. Mwaka jana, njia ya kwenda Ushetu, simu iliita naye akaipokea kwa mkono mmoja kama wenzake. Kuinua macho, ng'ombe wamejaa barabarani. Akaingia mtaroni yeye na abiria wake, Klara, binti mwenye mimba kubwa. Mungu fundi, Klara alitoka na michubuko tu na mtoto akazaliwa salama. Lakini Melania hasahau jinsi alivyolala mtaroni akisikia simu ikiendelea kubwata kwenye nyasi: "Uko wapi? Uko na nani? Mbona hujibu?" Alikuwa mume wake. Tangu siku hiyo, simu yake inashikwa na abiria.

Huyo mume, Pantaleo, ni mchimbaji kule Mwakitolyo. Si mtu mbaya, ana wivu tu, na wivu wake umepata programu. Alipokuja nyumbani Pasaka aliiweka kwenye simu ya mkewe, na sasa akipanda juu ya kifusi huko machimboni anaiona Kahama yote kiganjani, mkewe akiwa kidoti cha buluu. Kidoti kikienda Nyihogo, anapiga. Kikisimama, anapiga. Kikisimama karibu na nyumba ya wageni, weee, siku hiyo hata ugali haupiti kooni. Mtu mzima na ndevu zake, anachunga kidoti!

Jumatatu asubuhi akatuma ujumbe wa sauti: "Leo nikipiga usipopokea, hata mara moja, Athanas anachukua pikipiki. Nimeshamwambia, na mteja anaye."

Athanas ni dalali wa pikipiki, rafiki wa Pantaleo wa siku nyingi. Na kweli, Melania alipofika kijiweni alimkuta amekaa kwenye benchi, miguu kainyoosha, anakunywa kahawa.

"Shemeji, mimi nimetumwa tu," akasema. "Usinichukie."

"Sikuchukii. Kunywa kahawa yako."

Pikipiki ile Melania aliinunua kwa mpunga wake, mpunga alioulima kwa mikono yake kwenye tope hadi magotini. Lakini nani anauliza? Kwa dalali, kauli ya mume inatosha. Ikiondoka, Melania anarudi kukaa nyumbani kusubiri atakachotuma Pantaleo, siku akikumbuka kutuma. Aliogopa, sikatai, ila hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu.

Basi la Ushetu likamshusha mama yake, Mama Masalu, aliyekuja kupimwa macho hospitali. Melania akapiga goti kumwamkia, akamvisha helmeti juu ya kitambaa cha kichwa, akamkabidhi simu.

"Nishike mimi? Mimi sijui mambo ya vioo."

"Shika tu, mayu. Abiria wangu wote wanashika."

Hawajafika mbali, ikaita. Melania alijua ni nani bila kutazama. Mbele yake lori la mchele lilikuwa linarudi kinyumenyume kuingia ghalani, bajaji zimebanana kila upande, na mkono wake wa kushoto ulitaka kuachia usukani wenyewe kwa mazoea ya hofu. Akaukaza.

"Inalia hii," mama akasema. "Ni nani?"

"Mkwe wako."

Sasa hapo nisikilize vizuri. Kwa Wasukuma, mama mkwe na mume wa bintiye hawazoeani. Wakikutana njiani, mmoja anapisha pembeni mpaka mwenzake apite. Pantaleo na ubabe wake wote, tangu aoe, hajawahi kula mbele ya Mama Masalu wala kumtazama usoni. Kumpa mama yule simu ya mkwewe lilikuwa jambo ambalo Melania, siku nyingine, angeona aibu hata kuliwaza.

"Pokea, mayu."

"Una wazimu? Niongee na mkwe?"

"Usiongee. Sukuma hicho cha kijani juu, usikilize tu. Mimi naendesha."

Mama akasukuma. Spika ilikuwa wazi.

"Malaya wewe! Nimeita mpaka nimechoka! Nani huyo uliyempakia?" Mama akanyamaza, na kimya kile kikamwagia petroli mtu aliyekwisha kuwaka. "Unaninyamazia? Nakuona hapo, nakuona unavyozurura! Leo pikipiki huna! Ila kosa ni langu, nilioa bila kuuliza. Huyo mama yako ndiye aliyekufundisha uhuni! Mwanamke asiye na haya, amezaa asiye na haya mwenzake!"

Dereva wa bajaji jirani aligeuka, mdomo wazi. Melania alitaka mama asikie, lakini hakujua kama tusi lingemfikia mama mwenyewe. Hata hivyo hakuigusa simu.

"Simama, ng'wanone, mwanangu," mama akasema.

Melania akaingia sheli, akazima injini. Mama Masalu akaisogeza simu mdomoni, akafumba macho kama anayetaka kunywa dawa chungu.

"Baba Noela," akasema taratibu, akimwita kwa jina la mjukuu, "huyu si Melania. Ni mimi, huyo asiye na haya. Mwanangu anaendesha."

Huko Mwakitolyo zikasikika mashine zinasaga mawe, kisha simu ikakatwa.

"Mdomo umemponza kichwa," mama akasema, akarudisha simu mapajani. "Twende, foleni ya macho ni ndefu."

Waliporudi kijiweni, Athanas alikuwa amesimama, anajipangusa suruali.

"Shemeji, mwenzangu kanipigia. Anasema niache kila kitu. Sauti yenyewe haitoki. Kuna msiba?"

Melania akauning'iniza ufunguo mbele ya pua yake. "Huu hapa. Si ulitumwa? Chukua."

Athanas akamtazama Mama Masalu, aliyekuwa bado kaketi juu ya pikipiki na helmeti yake, simu mkononi. "Hapana, shemeji. Mimi siutaki," akasema, akaondoka bila kumaliza kahawa yake ya tatu.

Jioni, pikipiki ikiwa imeegeshwa uani, Pantaleo akapiga. Melania akapokea palepale.

"Mama Noela, umeniua. Kwa nini hukunizuia?"

"Nilikuwa naendesha."

"Wazee wakisikia nimemtukana mkwe! Nitatoa ng'ombe, nitakuja kuomba radhi."

"Ng'ombe ni wa mama. Mimi ninalo langu, lisikie. Nikiwa barabarani sipokei, hata uite mpaka betri ife. Anayepokea ni aliyekaa nyuma. Leo alikuwa mama. Kesho nampeleka padri Majengo. Keshokutwa sijui, labda baba yako mwenyewe. Wewe piga tu, na tukana tu."

"Basi hiyo programu niifute."

"Thubutu! Iache hapohapo. Nataka unione ninavyotembea."

Asubuhi akampakia abiria wa kwanza, akamkabidhi simu. Kidoti kikazunguka Kahama nzima, kikaenda Nyihogo, kikarudi Majengo, na mbele ya nyumba ya wageni Melania akakisimamisha makusudi, akanunua karanga, akazitafuna zote palepale. Simu haikuita.