Wasifu wa Bibi Akiwa Hai

Bibi Tusekile alisema hataki kusifiwa akiwa ndani ya jeneza. "Nikifa nitasikia nini? Nisomeeni nikiwa na masikio." Basi ikapangwa ibada ya shukrani nyumbani kwake Suma, na mimi Hellen, mjukuu wake ninayefundisha fasihi chuoni Mpuguso, nikaambiwa niandike wasifu.

Baba mkubwa Ambindwile, mwanawe wa kwanza, alinuna. Yeye ndiye huandika wasifu wa kila marehemu wa ukoo wetu, na wote ni uleule: alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa, alipenda watu. Badilisha jina tu, unamzika mwingine!

Mimi nikakataa. Kila mwaka nawaambia wanafunzi wangu: karne iliyopita ilipoanza, waandishi fulani wa Ulaya walichoka na hadithi za kupanga maisha foleni, toka kuzaliwa hadi kaburini. Kichwa cha mtu hakiendi hivyo, kinaruka. Wakachukua siku moja tu ya mtu wa kawaida, wakaandika anachowaza kama kinavyokuja. Kwani bibi yangu hana kichwa?

Nikachagua asubuhi moja ya mvua aliyowahi kunisimulia, Bibi akiwa bado mke kijana, anachuma chai. Mawazo nikayabuni mwenyewe.

"Mwaka wa kuzaliwa uko wapi?" Baba mkubwa akafoka alipousoma. "Unataka kumwaibisha mama yangu mbele ya mchungaji?"

Tukakubaliana: Bibi akiukataa wangu, Baba mkubwa anasoma wa kwake palepale. Siku ilipofika nikasimama na karatasi zangu. Watu sikuwaogopa, nilimwogopa Bibi. Nilitaka asikie, ajitambue.

Nikasoma. Majani ya chai, vidole vya baridi, ndizi alizoacha jikoni, pambio la kanisani, mume, chai tena. Mchungaji akakohoa.

"Gwe, wewe Hellen," Bibi akanikatiza. "Sivyo."

Nikashusha karatasi. Baba mkubwa akasimama haraka, karatasi mkononi.

"Kaa, sijamaliza," Bibi akamwambia. "Mvua, kweli. Vidole, kweli. Ndizi sikuziwaza hata kidogo. Nilikuwa nawaza kukitupa kikapu, nishuke Kyela kwa dada yangu, nisirudi tena."

Weee! Akina mama wakashika midomo, kisha wakaangua kicheko, na mchungaji naye akashindwa kujizuia. Jamani, nilifurahi! Bibi alikuwa amekataa mawazo yangu, akaleta yake.

Baba mkubwa peke yake hakucheka. "Mama, ungetuacha?"

"Wenzako walikuwa hawajazaliwa. Ulikuwepo wewe tu."

"Sasa mbona hukwenda?"

Bibi akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona.

"Ulikuwa mgongoni kwangu, umelala. Nikasema, acha kwanza aamke."

Baba mkubwa, mzee mzima na mvi zake, akaenda kuketi mkekani karibu na miguu ya mama yake, akalia mbele yetu sote.